Kuwaunganisha wafanyakazi wa kiwanda cha nyama: anzia kwenye laini yako

Ninawaandikia ndugu zangu mnaokata kuku, nguruwe na ng'ombe kwenye laini, yaani mstari wa kazi, viwandani hapa Marekani, hasa mliofika kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Kyangwali. Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyakazi wajipange, na swali ninalopokea kila mara ni hili: "Chama kitakuja lini?" Chama cha wafanyakazi chenye nguvu hakiletwi. Hujengwa na watu ambao tayari wamezoea kusimama pamoja kwa jambo dogo, kwa hiyo tuanze na hilo dogo.

Hatua ya 1: Jua kinga yako inaanzia wapi na inaishia wapi

Sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wa kampuni binafsi wanapochukua hatua kwa pamoja ili kuboresha kazi yao, hata pasipo na chama. Wawili wanatosha. Ukienda peke yako kulalamikia mshahara wako tu, kinga hiyo inaweza isikufikie. Mkienda wawili kuzungumzia mishahara yenu, inawafikia. Mnaruhusiwa pia kuambizana mnalipwa kiasi gani, hata kama supavaiza amewaambia ni marufuku.

Wengi wetu wanaogopa kwamba bosi anaweza kuwafutia ukimbizi wao. Hana mamlaka hayo. Asiye na karatasi za uhamiaji naye analindwa, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2002, akifukuzwa kinyume cha sheria hawezi kulipwa mishahara aliyoikosa. Mwambie hivyo kabla hajatia saini popote. Kumficha mtu hatari yake ili upate saini moja zaidi ni kumtumia, na sisi tumetumiwa vya kutosha.

Hatua ya 2: Chora laini yenu

Fanya hivi nyumbani, kwenye daftari lisilofika kiwandani. Andika nani anasimama wapi, shifti gani, anaongea lugha gani, anasali wapi, na anapanda gari la nani kwenda kazini. Hilo la gari usilipuuze. Watu wanne wanaosafiri pamoja alfajiri kila siku ni kikundi tayari, na mle ndani hakuna bosi.

Hatua ya 3: Mtafute anayesikilizwa

Hapa ndipo jumuiya zetu hukosea zaidi. Tunamchagua anayejua Kiingereza, au mchungaji, au mwenyekiti wa jumuiya ya watu wa nyumbani. Hao ni watu wa heshima na mtawahitaji, lakini mara nyingi hawasimami kwenye laini. Na yule mwenye Kiingereza kizuri ndiye kampuni humwona mapema na kumpa cheo. Akishakuwa supavaiza, sheria niliyoitaja haimlindi tena, naye analazimika kusema maneno ya ofisini.

Tafuta mtu mwingine. Mkono wa mtu ukivimba, anamwonyesha nani kwanza? Barua ya ofisini ikitoka, watu wanamtazama nani kabla ya kuikubali au kuikataa? Mara nyingi ni mama mmoja mtulivu, mwenye kasi nzuri ya kisu, anayewafundisha wageni kunoa. Pengine hajui Kiingereza hata kidogo. Mkalimani anapatikana, imani ya watu haipatikani kwa kukodisha.

Mtafuteni mtu wa namna hiyo katika kila kabila na kila lugha. Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge na Mrundi wanaweza kuwa na majeraha ya kweli kati yao, na sikuombi uyadharau. Nakuomba mkutano wa kazi usifanyike kwenye nyumba ya upande mmoja tu, wala mambo ya kijijini yasiamuliwe humo. Msomali, Mkareni wa Myanmar na Mguatemala wa laini hiyohiyo nao waalikwe tangu mwanzo, kila mmoja na mkalimani wake. Ukiwaita mwishoni, watajua mmewaita kujaza idadi.

Hatua ya 4: Zungumza na mtu mmojammoja

Mkutano mkubwa wa haraka huwaleta wenye maneno mengi na kuwanyamazisha wenye shida. Mtembelee mtu kwake, au muongee kwenye mapumziko, si wakati wa kazi. Sikiliza kuliko unavyosema. Uliza hivi:

"Mama, habari ya mkono?"
"Ah, usiku vidole vinakufa ganzi."
"Umewaambia?"
"Nilikwenda kwa nesi wa kiwanda, akanipa dawa ya maumivu, nikarudishwa palepale."
"Na wenzako wa pale?"
"Wote wako hivyohivyo."
"Tukienda wote kusema, wewe utakuwepo?"

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Ukiishia kwenye pole, umempa faraja tu. Muulize atafanya nini, kisha nyamaza mpaka ajibu mwenyewe. Akisema hapana, mshukuru na umrudie siku nyingine.

Hatua ya 5: Chagueni jambo moja

Liwe linawauma wengi, wanalielewa wote, na kuna mtu kiwandani mwenye uwezo wa kulibadilisha. Choo ni mfano mzuri. Wapo wanaokaa bila kunywa maji kwa sababu hawaruhusiwi kutoka kwenye laini. Idara ya serikali ya usalama kazini, OSHA, ilieleza tangu 1998 kwamba mwajiri lazima awaruhusu wafanyakazi kwenda chooni wanapohitaji, bila kuwawekea vizuizi visivyo na msingi. Vilevile mafunzo ya usalama yanapaswa kutolewa kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Kusainishwa karatasi ya Kiingereza usiyoweza kuisoma si mafunzo.

Hatua ya 6: Jiandaeni, kisha nendeni pamoja

Kabla ya kwenda, semeni wazi bosi atafanya nini. Atauliza, "Nani kiongozi wenu?" Atamwita mmoja pembeni. Atanunua piza. Atasema kampuni ni familia. Mtu aliyeyasikia haya mapema hatetereki yakimkuta. Fanyeni mazoezi sebuleni, mmoja akiigiza bosi.

Ingieni wakati wa mapumziko, watu wa lugha mbalimbali, mkiwa na ombi moja lililoandikwa na siku mnayotaka jibu. Waongee watatu au wanne, siyo mmoja.

Hatua ya 7: Andika siku ileile

Tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwepo. Mtu akiadhibiwa kwa kulalamikia usalama, ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko OSHA. Akiadhibiwa kwa kuungana na wenzake, ana miezi 6 kwenye NLRB, bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi. Siku 30 huisha wakati mtu bado anasubiri ushauri wa ndugu, kwa hiyo msaidieni apige simu wiki hiyohiyo na aombe mkalimani.

Hatua ya 8: Sasa zungumzeni habari za chama

Viwanda vingi vya nyama vyenye chama viko chini ya UFCW, chama cha wafanyakazi wa vyakula na biashara. Kwanza ulizeni kama kiwandani kwenu kipo tayari, maana katika majimbo mengi mtu anaweza kufanya kazi miaka bila kujua. Kama kipo, jiungeni, na mwombe mwakilishi wa laini anayeongea Kiswahili. Kama hakipo, sheria inataka saini za asilimia 30 ya wafanyakazi ili kuomba uchaguzi, na ushindi ni zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Msiende na asilimia 30. Kampuni ikianza kutisha, sehemu ya waliosaini watarudi nyuma. Subirini hadi walio wengi katika kila shifti wawe wamesaini, na idara ambayo bado haina mtu anayesikilizwa, irudieni kuanzia hatua ya 3.