Somo: Baridi kali Marekani, kusoma tahadhari na kuandaa nyumba

Utabiri wa msimu ambao NOAA, idara ya Marekani ya hali ya hewa na bahari, huutoa kila Oktoba hautaji siku ya dhoruba. Unaeleza tu kama Desemba hadi Februari inaelekea kuwa na joto au baridi kuliko wastani. Oktoba 2020 majimbo ya kusini yalitabiriwa joto. Februari 2021 Texas ikaganda, na wateja zaidi ya milioni 4 wakakosa umeme. Kwa hiyo fuata tahadhari za kila siku.

1. Soma neno la tahadhari kwenye simu. "Watch": dhoruba inawezekana, nunua mahitaji leo. "Warning": imefika au iko mlangoni, usisafiri.

2. Jua hatari ya eneo lako. Minnesota, jimbo la kaskazini, hatari ni upepo: nyuzi -18 za Selsiasi na upepo wa kilomita 24 kwa saa huunguza ngozi tupu kwa baridi ndani ya dakika 30. Buffalo, jiji la jimbo la New York, ni Ziwa Erie lililo kando yake: hewa baridi huzoa unyevu ziwani na kuumwaga kama theluji, mtaa mmoja ukafukiwa na wa pili ukabaki mkavu. Kusini ni mabomba ya maji, kwa kuwa mengi hayakufunikwa dhidi ya baridi.

3. Linda mabomba. Acha koki za kuta za nje zidondoshe maji, ya moto na ya baridi. Fungua makabati ya chini ya sinki joto liingie. Hita isishuke chini ya nyuzi 13, hata mkisafiri. Jifunze mapema ilipo valvu kuu ya kufunga maji ya nyumba nzima.

4. Weka maji lita 4 kwa mtu kwa siku, angalau ya siku tatu.

MASWALI

Wakuu, umeme ukikatika naweza kuwasha jiko la mkaa sebuleni, dirisha wazi?
— Hapana kabisa, mkuu. Hata mkaa uliokolea, usiotoa moshi, hutoa kaboni monoksidi, na dirisha halitoshi. Gesi hiyo haina harufu. Kichwa huuma, kichefuchefu hufuata, mtu hudhani ni mafua, akajilaza asiamke. Dalili zikianza, tokeni wote nje, pigeni 911, namba ya dharura. Jenereta nayo ikae nje, mita 6 kutoka nyumbani.

Nikikwama na gari kwenye theluji?
— Baki ndani. Fukua kwanza ekzosi, ndipo uwashe injini dakika 10 kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo.

Na nyama kwenye friza?
— Friza iliyojaa huhimili saa 48 usipoifungua, iliyojaa nusu saa 24. Friji ni saa 4 tu.

Bomba limeshaganda, nifanyeje?
— Fungua koki, kisha pasha bomba kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Usitumie moto. Likiwa limepasuka, funga valvu kuu kwanza.