Baiskeli usiku: funga utepe miguuni

Ukitoka Malindi jioni kwa baiskeli kuelekea Gede, washa taa nyekundu ya nyuma kabla jua halijazama. Huku pwani giza huingia upesi. Taa ya mbele iinamishe kidogo imulike lami, uone mchanga na mashimo ya ukingoni bila kumpofusha wa bodaboda anayekuja. Ila kinachosaidia zaidi ni utepe unaoakisi mwanga, ufunge kwenye vifundo vya miguu. Utepe huo hupanda na kushuka kila ukikanyaga pedali, na dereva hutambua mapema kwamba mbele yake kuna mtu. Fulana nyeupe pekee haitoshi, jamani! Matatu ikipiga honi nyuma, shika kushoto bila kugeuza shingo: ukigeuka, usukani nao hufuata.