Kukinga Bustani ya Maua na Sakitu Wakati wa Kipupwe

Kwa anayepanda maua Njombe, Makete na kwingineko katika miinuko ya Nyanda za Juu Kusini, kipupwe cha Juni hadi Agosti humlazimu kuangalia anga kila jioni. Sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, huanguka hasa usiku usio na mawingu wala upepo, kwa kuwa joto ambalo udongo ulilipata mchana hupotea angani bila kizuizi, nayo hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana bustani iliyo chini ya mteremko huweza kuungua huku ya jirani wa juu ikisalimika, na ndiyo maana kazi kubwa katika miezi hii ni kuhifadhi joto la udongo.

Anza na maji. Udongo wenye unyevu hushika joto kuliko mkavu, kwa hiyo mwagilia asubuhi jua likishapanda, ukilenga mashinani, ili ardhi ipate mchana mzima wa kupashwa moto. Ukimwagilia jioni majani hulala yamelowa na kukaribisha ukungu. Usizidishe pia, kwani mimea hunywa kidogo wakati wa baridi na mizizi iliyotota huoza.

Kuhusu matandazo, yaani nyasi za kufunika udongo, ushauri wa kuongeza nyasi kila mahali hauniridhishi. Nyasi nene huzuia jua kupasha udongo na usiku huzuia joto la udongo kupanda hadi kwenye mimea, hivyo jerania na maua mengine laini yaliyo juu yake hupigwa na sakitu kwa urahisi zaidi. Kwenye maua hayo zisogeze pembeni. Dalia huhitaji kinyume chake. Majani yake yakiungua, kata mashina karibu na ardhi, uviache viazi vyake udongoni chini ya matandazo mazito, kwa sababu huku ardhi haigandi kwa kina na vitachipua tena joto na mvua vikirejea.

Kufunika kufanyike kabla jua halijazama, joto likiwa bado lipo ardhini. Simika vijiti kuzunguka mmea, kisha tandaza juu yake shuka kuukuu, blanketi au viroba, na uhakikishe pindo zinagusa ardhi pande zote, maana kifuniko kilichofungwa kwenye shina huliacha joto la udongo nje. Nailoni isiguse majani, kwani sehemu inayoguswa ndiyo huungua kwanza. Funua asubuhi jua likishawaka.

Maua ya kwenye vyungu yasogezwe penye ukuta wa matofali. Kwa kuwa Juni na Julai jua letu hupita kaskazini, ukuta unaotazama kaskazini au magharibi hutunza joto la alasiri hadi usiku. Ule wa mashariki si mzuri, kwa sababu jua la mapema huyeyusha sakitu ghafla na kuzidisha madhara.

Ukikuta majani meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa, usikimbilie mkasi, kwani sehemu zilizokufa hukinga vichipukizi vilivyo chini yake. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: penye ubichi wa kijani, tawi bado ni hai. Mbolea ya urea isubiri, maana huchochea machipukizi laini yasiyostahimili baridi. Hata waridi, ambalo ni gumu kuliko mengi, ni afadhali lipogolewe mwishoni mwa Agosti, hatari ya sakitu ikishapungua.