Jinsi ya Kugawa Nambari katika Makundi na Kukokotoa Kila Kundi

Ukiwa na jedwali la nauli za matatu za Barabara ya Thika pamoja na umbali wa kila safari kutoka katikati ya Nairobi, safari moja moja haitakuonyesha mengi. Gawa umbali katika makundi, kisha ukokotoe nauli za kila kundi. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, maktaba ya pandas (hapa imefupishwa `pd`, na `data` ni jedwali lako) huifanya kazi hiyo hivi:

```
mipaka = [0, 5, 10, 20, float("inf")]
data["kundi"] = pd.cut(data["umbali"], bins=mipaka, right=False)
jibu = data.groupby("kundi", observed=False)["nauli"].agg(["count", "median"])
```

Mstari wa kwanza ndio unaostahili muda wako mwingi. Makundi ya kilomita 10 kila moja yanapendeza macho, lakini ikiwa abiria wengi katika jedwali lako hushukia Ngara, Pangani na Muthaiga, kundi la kwanza litafurika na tofauti zilizomo zitafichika. Ipo pia `qcut`, inayojaribu kuweka idadi sawa ya safari katika kila kundi. Kwa nauli siipendi, kwa kuwa hutoa mipaka kama 3.7, ambayo kondakta yeyote angeicheka.

Agizo la `right=False` huweka safari ya kilomita 5 kamili katika kundi la 5 hadi 10. Usipoliandika, safari hiyo huenda kundi la chini, na yenye umbali wa 0 hukosa kundi kabisa. Kibaya zaidi, kipimo kilichokosa kundi hakitoi onyo: `groupby` hukiacha nje kimyakimya. Ndiyo sababu mpaka wa mwisho umeachwa bila kikomo.

Sasa chagua funksheni, yaani hesabu itakayofanyiwa nauli za kila kundi. Tuseme kundi moja lina nauli za shilingi 50, 50, 60, 60 na 180, hiyo ya mwisho ikiwa ya jioni ya mvua: wastani ni 80, kiasi ambacho hakuna aliyelipa, ilhali `median`, yaani thamani ya katikati, ni 60. Ukitaka kuona nauli zinavyotofautiana, andika funksheni yako mwenyewe:

```
def pengo(x):
    return x.max() - x.min()
```

Kisha iongeze katika orodha ya `agg`, bila alama za kunukuu. Safu ya `count`, yaani idadi ya safari, usiiondoe, kwa maana pengo la kundi lenye safari moja ni 0 daima, hata kama nauli za huko hubadilika kila saa.