Kuhesabu ndege wa pwani mwezi wa Aprili, kabla hawajaondoka: jinsi tunavyofanya Mida Creek

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, nimepewa kipande cha kuhesabu Mida Jumamosi ijayo. Nianzie wapi?" Nilimweleza kwa nusu saa, na nilipokata simu nikakumbuka mambo matatu niliyosahau kumwambia. Kwa hiyo nayaandika yote hapa, yamfae yeye na yeyote mwingine atakayesimama kwa mara ya kwanza matopeni Mida Creek, hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya.

Kwanza tuelewane kuhusu majira. Nchi za kaskazini wanahesabu ndege wakati wa majira ya kuchipua, ndege wanapofika. Sisi tunawahesabu ndege walewale wanapoaga. Kaskazi limekatika, kusi linaanza kuvuma, masika yako njiani, na ndege waliokula matope yetu tangu Agosti na Septemba wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya Siberia na Asia ya Kati. Hesabu rasmi ya ndege wa maji ni ya Januari. Ilianza kimataifa mwaka 1967, na Afrika ikajiunga kwa mpango wake mwaka 1991. Ya Aprili ni ndogo, inaendeshwa na wapenzi wa ndege wenyewe, lakini ndiyo inayotuonyesha nani bado yupo na yuko katika hali gani siku za mwisho. Mimi naipenda kuliko ya Januari.

Hatua ya 1: Pokea kipande chako na ukijue mipaka

Mida imegawanywa vipande, na kila kipande kina kikundi chake cha watu wawili au watatu. Nenda siku moja kabla, usimame pale utakaposimama, uchague alama mbili zisizohama: mchu mkubwa, kona ya kisiwa cha Kirepwe, nguzo. Ndege aliye nje ya alama hizo si wako hata akiwa mzuri namna gani.

Eneo hili ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mratibu wa kikundi ndiye anayeshughulikia ruhusa, lakini wewe mwenyewe usipite kijijini bila kusalimia. Wavuvi wa Mida na Dabaso wanajua ndege wanalala wapi maji yakijaa kuliko kitabu chochote. Shikamoo moja kwa mzee anayeshona wavu imewahi kuniokoa mwendo wa saa nzima matopeni.

Hatua ya 2: Siku na saa

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nivumilie.

Maji yakipwa, Mida inakuwa uwanda wa tope mpana sana, na ndege wanatawanyika hadi kule ambako hata teleskopu inakuonyesha nukta tu. Maji yakijaa yanawasukuma, kidogo kidogo, wanakuja kwako na kukusanyika. Saa mbili au tatu za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa ndizo za kuhesabu. Ukifika mapema mno huoni kitu. Ukichelewa, wamekwisha kuruka kwenda kujipumzisha ndani ya mikoko au upande wa pili.

Sasa, maji yapi? Maji mafu, yale madogo yasiyopanda sana, hayafai: hayafuniki tope lote, ndege wanaendelea kula walipo. Bamvua lenyewe, yaani maji makubwa kabisa, hasa la Machi na Aprili ambalo ni kubwa, nalo halifai, kwa sababu linazamisha hata vichuguu vya mchanga wanakosimama, nao wanaondoka wote. Mimi huchagua siku moja kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama, ambapo jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linaonyesha maji ya mita 3 hivi. Siku hiyo maji hujaa kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Hilo lina faida ya pili: ukisimama upande wa magharibi, penye daraja la mbao linaloning'inia na kibanda cha kutazamia ndege, jua liko mgongoni kwako. Asubuhi kutoka palepale unatazama ndege weusi watupu.

Mwaka wa kwanza nilioongoza kikundi nilikosea hapa, na tukapoteza siku nzima. Nilichukua saa ya maji kutoka kwenye programu ya simu. Ilionyesha maji kujaa 12:30. Sikutazama kwamba programu ile ilikuwa inaandika saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Nikawaambia watu maji yanajaa saa sita na nusu mchana, tukutane saa nne asubuhi. Tulipofika, maji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kurudi. Tope lilikuwa jeupe kwa jua, ndege wako mbali karibu kilomita, joto linatetemesha picha kwenye teleskopu. Tukangoja. Saa sita na nusu ikafika na maji bado nusu. Wenzangu wawili walikuwa wametoka Malindi kwa matatu na walikuwa na shughuli nyingine; wakaondoka, nami nikaondoka nao nikiamini mwaka ule ndege ni wachache. Maji yalijaa saa tisa na nusu, na hakukuwa na mtu. Takwimu ile nililazimika kuomba ifutwe, na mwaka ule kipande chetu kina pengo hadi leo.

Tangu hapo nafanya mambo matatu, na nakuomba uyafanye.

La kwanza, jedwali nachukua la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, lile la kuchapishwa. Kama huna ila simu, linganisha na tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mvuvi yeyote atakwambia: bamvua liko karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu karibu na 8 na 23. Simu ikikwambia maji makubwa yanajaa adhuhuri siku ya mwezi mpevu katika pwani hii, simu hiyo inasoma saa za kwingine.

La pili, saa zote naziandika mara mbili: "saa tisa na nusu alasiri, 15:30". Mtu akiandika tu "saa 9:00" kwenye ujumbe, mwenyeji wa Gede hapa jirani anaelewa alasiri na mgeni kutoka Nairobi aliyezoea kusoma saa ya simu anaelewa asubuhi. Kwenye fomu ni hatari zaidi, maana anayeingiza takwimu baadaye hakuwepo. Hesabu ya 15:00 ikiingizwa kama 9:00 inaonekana imefanywa maji yakiwa yamekupwa, na mtu makini ataitilia shaka.

La tatu, chomeka kijiti. Mida ina mdomo mwembamba kuelekea baharini, kwa hiyo maji ya ndani hayaendi sambamba na ya Kilindini. Yanachelewa, na kiasi cha kuchelewa hutegemea ukubwa wa maji na upepo. Siku moja kabla, chomeka kijiti kwenye ukingo, ukiweke alama kila robo saa, uandike saa ambayo maji yaliacha kupanda. Ongeza dakika 50 hivi kwa ajili ya kesho yake. Hiyo ndiyo saa yako, si ya jedwali.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Watu wananunua 10x50 wakidhani kubwa ni bora, kisha mikono inatetemeka na upepo wa kusi unamalizia. Teleskopu moja kwa kikundi inatosha, mradi stendi yake ni nzito. Ikiwa nyepesi, ning'iniza chupa ya maji katikati yake.

Penseli na daftari. Hapa sibadiliki. Najua kuna programu nzuri, na baadaye natuma orodha zangu eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, na kwenye ramani ya ndege wa Kenya. Lakini matopeni, jasho likiwa vidoleni na mvua ya masika ikipiga ghafla, skrini haiandiki, na wino wa kalamu unayeyuka. Penseli haina neno.

Viatu vya raba vya zamani vilivyofungwa kamba vizuri. Gambuti zinabaki kwenye tope na mguu unatoka.

Hatua ya 4: Majina

Nyumbani tunasema kitwitwi, na neno hilo linabeba ndege zaidi ya kumi. Sululu ni angalau wawili. Kwa mazungumzo yanatosha, kwa fomu hayatoshi, ndiyo maana fomu yetu ina majina ya kisayansi pembeni ya yale ya Kiswahili. Yajifunze taratibu. Ujue pia kwamba nayo hubadilika: vitwitwi wa mchangani ambao kitabu changu kinawaita Charadrius, orodha mpya zinawaita Anarhynchus. Andika jina lililo kwenye fomu uliyopewa, usichanganye.

Aprili inakusaidia. Calidris ferruginea, ambaye Januari ni wa kijivu kama wenzake, sasa kifua kimekuwa chekundu kama tofali, na mdomo wake umepinda kwenda chini. Xenus cinereus mdomo umepinda kwenda juu, naye anakimbia huku na huko kama aliyepoteza kitu. Pluvialis squatarola anakuwa mweusi tumboni. Mtazame vizuri, tangu 2024 amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, anayekula kaa, Dromas ardeola, utawaona wachache kuliko Januari. Wakubwa wengi wamekwenda kuzaa kaskazini, Oman na Ghuba na Bahari ya Shamu, ambako hufukua mashimo mchangani na kutaga yai moja. Wanaobaki kwetu wengi ni wachanga.

Usipomtambua ndege, andika "kitwitwi mdogo, hajatambuliwa". Safu hiyo ipo kwa ajili hiyo. Hesabu yenye hamsini wasiojulikana ni ya kweli kuliko yenye hamsini waliobahatishwa.

Hatua ya 5: Kuhesabu

Mmoja anatazama, mmoja anaandika. Anayetazama hashushi jicho kamwe. Anataja jina na idadi kwa sauti, mwandishi anarudia.

Anza na wakubwa na walio wachache: heroe, yangeyange, kulastara, sululu. Kisha rudi kushoto, uanze upya na wadogo. Kundi la mia mbili usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone hao kumi wanachukua nafasi gani kwenye kioo, kisha sogeza kipande hicho kumi-kumi hadi mwisho. Kundi kubwa zaidi, fanya kwa hamsini. Karibu sisi sote tunapunguza kundi kubwa linapokuwa limebanana, kwa hiyo fanya mazoezi nyumbani: mwaga konzi ya choroko kwenye mkeka, kadiria, kisha hesabu. Mpwa wangu alianza kwa kusema themanini penye mia na arobaini. Baada ya jioni tatu alikuwa anakosea kwa kumi tu.

Kila kundi lihesabiwe mara mbili. Namba zikitofautiana sana, mara ya tatu.

Kozi akipita, wote wataruka. Usijaribu kuhesabu angani kama wanazunguka; ngoja watue. Kundi likiondoka kabisa, andika saa, idadi na uelekeo, kisha mpigie jirani wa kipande kinachofuata. Bila simu hiyo ndege mia tatu wataandikwa mara mbili, na hakuna atakayejua.

Ukiona pete au kibendera mguuni, acha hesabu dakika moja. Andika rangi, herufi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kiungo. Ndege wa Mida wamekuwa wakivishwa pete na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lililoko Watamu, na pete moja iliyosomwa vizuri inasema alikopita ndege huyo.

Hatua ya 6: Fomu

Jaza palepale, kabla ya chai. Andika saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, na kama kulikuwa na watu au mbwa tope lile. Aina uliyoitafuta usiione, andika 0. Nafasi tupu maana yake hukutazama.

Kuna safu moja ya mwisho ambayo wengi huiruka. Jioni za Aprili, jua likikaribia kuzama, utasikia kundi linaanza kuitana bila kuacha, tofauti na kelele za kawaida. Wanapanda juu, wanajipanga mstari, na hawarudi kutua. Hao ndio wanaoondoka. Waandike kwenye safu hiyo ya pembeni: aina, idadi, saa, uelekeo. Wakishavuka mikoko kuelekea kaskazini usiwaondoe kwenye jumla ya siku. Uliwahesabu wakiwa matopeni, na siku ile walikuwa wa Mida.