SOMO: Jinsi ya kumzuia mgeni asishike meza mbili kwa mlo mmoja (migahawa ya bustani za burudani)

Wadau, habari za muda. Somo hili niliahidi siku nyingi, mniwie radhi kwa kuchelewa. Linawahusu wanaosimamia mifumo ya kubuku meza kwenye bustani kubwa za burudani, zile zenye migahawa kumi, ishirini na kuendelea chini ya mwenye mali mmoja. Kama una mgahawa mmoja tu, soma kwa kujifurahisha, maana mengi hapa hayatakugusa.

Kwanza tusichanganye mambo. Meza moja kupewa wageni wawili ni kosa la mfumo wako, na hilo silizungumzii leo. Ninachozungumzia ni mgeni mmoja kushika meza mbili au tatu, kila moja mgahawa wake, kwa mlo uleule, ili siku ikifika achague moyo unapotaka. Zile anazoziacha ndizo naziita meza hewa: kwenye karatasi zina watu, kwenye kiti hakuna mtu.

Nilianza kulichukulia hili kwa uzito jioni moja nikiwa mapokezi. Meza ya watu sita ilikuwa imepangwa kila kitu, vitambaa vimekunjwa, kiti cha mtoto kimeshasogezwa. Mlangoni alisimama baba, mtoto kamlalia begani, tukamwambia nafasi hakuna. Dakika arobaini ile meza ikakaa vilevile. Baadaye nikatafuta namba ya simu ya aliyeibuku, nikaikuta kwenye mgahawa wetu mwingine, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Wakati huo walikuwa wanamalizia kitindamlo. Mfumo ulikuwa na taarifa zote mbili, tatizo hakuna aliyeuambia uzilinganishe.

Kabla ya hatua: muelewe mgeni wako

Mgeni wa aina hii si tapeli. Chukua mfano wa Walt Disney World kule Florida. Ina bustani kuu nne, na meza zinaanza kubukiwa siku 60 kabla. Anayelala kwenye hoteli zao anaweza kubuku kwa mkupuo hadi siku 10 za safari yake. Zamani dirisha, yaani muda ambao meza zinaweza kubukiwa kabla ya siku yenyewe, lilikuwa siku 180, likapunguzwa hadi 60 bustani zilipofunguliwa tena mwaka 2020. Sasa jiulize, nani anajua miezi miwili kabla kwamba siku fulani jioni atakuwa bustani ipi, mvua itanyesha au mtoto atakuwa amechoka? Anashika mbili ili awe salama. Dirisha likiwa refu, meza hewa zinaongezeka. Kwa hiyo kama uamuzi wa dirisha uko mikononi mwako, lifupishe kwanza, ndipo uje kwenye programu.

Hatua ya 1: Rejista moja

Simu, tovuti, apu, dawati la hoteli, daftari la mapokezi, vyote viandike sehemu moja. Mgahawa mmoja ukibaki na daftari lake pembeni, wageni watalijua ndani ya wiki.

Hatua ya 2: Amua "mgeni mmoja" ni nani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanalinganisha majina. Majina yanafanana, na mtu huyohuyo leo anaandika jina kamili, kesho kifupi. Tumia akaunti, namba ya simu, barua pepe na kadi ya benki.

Zisafishe kabla ya kulinganisha. Namba ya simu ondoa nafasi, vistari na mabano, kisha uiweke yote katika mfumo wa kimataifa unaoanza na alama ya kujumlisha. Bila hivyo, namba ileile iliyoandikwa na sifuri mbele na iliyoandikwa na msimbo wa nchi zitaonekana watu wawili. Barua pepe nazo zina ujanja wake: Gmail haijali nukta zilizo kabla ya alama ya @, na kila kitu baada ya alama ya kujumlisha inakipuuza. Mtu mmoja ana anwani mia bila kufungua hata akaunti ya pili.

Mimi nafanya hivi: vitu viwili vikifanana, ni mtu mmoja, mfumo unachukua hatua wenyewe. Kimoja tu kikifanana, unaweka alama na binadamu anaangalia. Usiruhusu mfumo ufute meza ya mtu kwa sababu ya kadi peke yake, maana kadi ya bosi hulipia watu wengi.

Hatua ya 3: Pima mlo, usipime saa

Kanuni ya vitabuni ni kwamba vipindi viwili vinagongana ikiwa cha kwanza kinaanza kabla cha pili hakijaisha, na cha pili kinaanza kabla cha kwanza hakijaisha. Ni sahihi kwa meza. Kwa mgeni haitoshi. Mtu akishika meza saa 11:30 jioni (17:30) na nyingine saa 1:45 usiku (19:45), na kila meza umeipa dakika 90, kanuni itasema hazigongani. Lakini wewe na mimi tunajua hakuna familia itakayokula chakula cha jioni mara mbili ndani ya saa mbili na robo.

Njia mojawapo ni kugawa siku kwa milo: asubuhi, mchana, jioni. Inafanya kazi mpaka ukutane na mtu wa saa tisa na nusu alasiri. Huyo ni wa mchana au wa jioni? Nimeona vikao vizima vikiisha kwenye swali hilo. Mimi niliachana na migawanyo, nikaweka umbali: meza mbili za mgeni mmoja ambazo saa zake za kuanza zimepishana chini ya saa tatu ni mlo mmoja. Hiyo tatu ni yangu, wewe angalia wageni wako. Kama meza zako ziko bustani mbili tofauti, ongeza muda wa kusafiri kutoka moja hadi nyingine.

Hatua ya 4: Kufuli liwe kwenye kanzidata (pale mfumo unapohifadhi bukingi zote)

Ukiweka ukaguzi kwenye ukurasa wa tovuti pekee, umeweka pazia ukaliita mlango. Asubuhi dirisha linapofunguliwa, mgeni ana vichupo vitatu (kurasa tatu za tovuti zilizofunguliwa pamoja) mbele yake na anabonyeza vyote ndani ya sekunde moja. Kila ombi linauliza "huyu ana meza nyingine?", kila moja linajibiwa "hana", kwa sababu hakuna lililokwisha kuandikwa. Yote matatu yanapita.

Kwa wanaotumia PostgreSQL (programu ya kanzidata), dawa ipo: kizuizi cha kutengana (exclusion constraint), yaani kanuni inayoifanya kanzidata yenyewe ikatae kuandika bukingi inayogongana na iliyopo. Kinasimama juu ya safu mbili za jedwali, kitambulisho cha mgeni na kipindi chake. Safu ya kwanza unalinganisha kwa usawa, ya pili kwa mwingiliano. Utahitaji kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha btree_gist ili viwili hivyo vikae kwenye faharasa moja. Kipindi cha mgeni kianzie saa ya kuketi na kiishie saa tatu mbele, mwanzo ukihesabiwa na mwisho usihesabiwe. Weka pia sharti kwamba kizuizi kinahusu meza zilizo hai tu. Ukilisahau, mgeni aliyefuta meza yake ataambiwa bado anayo, na simu zitakazopigwa hapo utazijutia.

Angalizo: kipindi hiki ni tofauti na kile cha meza. Mgeni ana saa tatu, meza ina dakika zake 90. Ziweke safu mbili tofauti.

Hatua ya 5: Usimkatalie, mbadilishie

Nikiambiwa nibakize hatua moja tu katika somo zima, nitabakiza hii. Mfumo ukigundua mgongano usitoe maandishi mekundu "OMBI LAKO LIMEKATALIWA". Mgeni akikataliwa anatumia simu ya mke wake, na hapo umempoteza kwenye rejista. Mwambie hivi:

"Jioni hiyo tayari una meza ya watu 4, saa 12:00 (18:00). Je, tuiachie tukupe hii ya saa 1:15 (19:15)?"

Vitufe viwili: *Nibadilishie* na *Nibaki na ya kwanza*. Wengi wanabonyeza kimoja na kuendelea na maisha yao, kwa sababu walichokuwa wanaogopa ni kupoteza cha kwanza kabla ya kupata cha pili.

Kwa hiyo hofu hiyo usiitimize. Kuachia na kuchukua kufanyike ndani ya muamala mmoja wa kanzidata, yaani yote yafanikiwe au yote yasifanyike: kwanza meza ya zamani inawekwa hali ya kufutwa, kisha mpya inaandikwa, halafu vyote vinathibitishwa kwa pamoja. Mpya ikishindikana kwa sababu mwingine kaiwahi, muamala wote unarudi nyuma na mgeni anabaki na meza yake ya awali. Jaribu hili mwenyewe kwa simu mbili kabla hujawafungulia watu.

Hatua ya 6: Mlango wa kutokea, kisha faini

Ujumbe siku mbili kabla na mwingine asubuhi ya siku yenyewe, ndani yake kiungo kimoja cha kuachia meza. Asiingie akaunti, asikumbuke nywila. Meza ikiachiwa iende moja kwa moja kwa walio kwenye orodha ya kusubiri.

Faini inasaidia. Migahawa mingi ya Walt Disney World inashikilia kadi na kutoza dola 10 kwa kila mtu asipotokea au akifuta zikiwa zimebaki chini ya saa mbili. Ila faini inauma baada ya meza kuwa imeshakaa tupu, na kuna wageni ambao kwao dola 40 ni bei ndogo ya kuwa na uhuru wa kuchagua. Iweke nyuma ya hatua ya 5, isiwe badala yake.

Hatua ya 7: Zilizopo tayari

Siku unawasha kizuizi utakuta kanzidata inakataa, kwa kuwa migongano imejaa tayari. Usizifute kimyakimya. Toa orodha, watumie wageni ujumbe wachague moja, wape saa 48, kisha washa.

Maswali yenu nimeyakusanya hapa chini, ya kufanana nimeyaunganisha.

Mkuu shukrani kwa somo. Sisi meza kubwa kabisa ni ya watu 8. Ukoo wa watu 14 unakuja, lazima washike meza mbili. Kizuizi chako si kitawafukuza?

Kitawafukuza kweli usipokiandalia njia. Mgahawa uleule na saa ileile, au tofauti isizidi dakika 15, hiyo ni kundi. Iandike kama bukingi moja yenye meza mbili, yaani mstari mmoja kwa mgeni na mistari miwili kwa meza. Kizuizi kinaangalia mstari wa mgeni, kwa hiyo hakitasumbua.

Baba ana akaunti yake, mama ana yake. Kila mmoja anashika mgahawa wake. Hapo unafanyaje?

Hapo ndipo tiketi zinasaidia. Mkidai majina ya watu wote watakaoketi, na kila jina likafungwa na tiketi yake ya kuingilia, basi kagua kwa tiketi na siyo kwa aliyebuku. Mtoto mmoja hawezi kuketi sehemu mbili. Kama tiketi hamzifungi na majina, waache. Kuwawinda wanandoa kwa kufanana anwani za nyumbani kutakuletea lawama kuliko faida. Majirani wa ghorofa moja wanaweza kukutwa wote ni "familia".

Wakala wa safari anabukia watu 40 kwa namba moja ya simu. Mfumo wetu umemfungia tangu jana, anawaka moto.

Mfungulieni, ana haki. Akaunti ya wakala ipewe aina yake, isikaguliwe kwa simu bali kwa mgeni anayewekwa jina. Na mpeni tarehe ya mwisho ya kujaza majina, tuseme siku 14 kabla. Meza ambayo mpaka hapo haina jina inarudi sokoni. Mawakala wengine hushika meza kwanza na kutafuta wateja baadaye, hilo kila aliyekaa kwenye biashara hii analijua.

Kaka, dawati letu la simu linaandika saa vibaya. Mgeni anasema "saa moja", binti anaingiza 1:00, mfumo unasoma saa saba usiku. Mgongano hauonekani.

Hili limenichekesha kwa sababu limenikuta. Sehemu ya kuingizia iwe ya saa 24 tu, na chini yake mfumo uandike kwa maneno: 19:00, "saa moja usiku". Anayepokea simu ayasome maneno hayo kwa mgeni kabla ya kubonyeza. Pia mfumo ukatae saa ambazo mgahawa umefungwa, hilo peke yake litakamata makosa mengi.

Mkuu tunaomba PDF.

Hakuna PDF, ndugu yangu. Nakili tu.

Sisi tunabukisha zaidi ya meza tulizonazo, kama mashirika ya ndege, tukijua kuna ambao hawatatokea. Tukiwasha kizuizi tuendelee hivyo?

Swali zuri, na nilipaswa kuliweka ndani ya hatua ya 7. Ile ziada mliyokuwa mnaongeza ilikuwa inafidia meza hewa. Meza hewa zikipungua, ziada inageuka watu halisi waliosimama mlangoni na watoto wenye njaa. Kwa hiyo siku ya kuwasha, rekebisheni ziada kwa meza zote za kuanzia siku hiyo kwenda mbele. Zile zilizobukishwa zamani kwa kiwango cha zamani zitakuwa bado zipo kwa muda wote wa dirisha lenu. Kama dirisha ni siku 60, mtegemee siku 60 za kubanana, na mpange wahudumu wa ziada mapokezi. Msiwashe karibu na likizo.