Jinsi ya kusoma historia ya jeshi la Nepal bila kulichanganya na Wagurkha

Kabla hujafungua kitabu chochote weka hili kichwani, Gurkha siyo jina la jeshi la Nepal, ni askari wenye asili ya Nepal walioandikishwa na majeshi ya wengine. Watu wakiona picha ya askari ana kisu kilichopinda wanasema huyo ni jeshi la Nepal, kumbe anaweza akawa wa Uingereza au wa India kabisa. Kwa hiyo kila ukikutana na askari wa aina hiyo jiulize mshahara wake analipwa na nani.

Anza na ramani, vita baadaye. Itafute Gorkha, mji wa mlimani magharibi ya Kathmandu, ndo jina lilikotoka na ndo jeshi lilikoanzia. Prithvi Narayan Shah alirithi ufalme pale mwaka 1743, mwaka uliofuata akaichukua Nuwakot iliyokaa kwenye njia ya biashara ya Tibet, halafu Kirtipur, mji wa bonde la Kathmandu, ikamsumbua mpaka akaipata mara ya tatu, Kathmandu yenyewe ni 1768. Ukifuata kwa kidole kwenye ramani utaona kwa nini ilimchukua miaka yote hiyo, alikuwa anabana njia kwanza ndo ashuke bondeni.

Kisha ruka mpaka 1814, na hapa usiwe na haraka. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala India ilivamia Nepal, na kwenye ngome ya Nalapani karibu na Dehradun, leo ni India, kamanda wa Nepal Balbhadra Kunwar alikuwa na watu kama 600 tu, wanawake na watoto wakiwemo. Jenerali wa Waingereza, Gillespie, alifia palepale. Mwishowe watu wa Balbhadra wakakatiwa maji, wakatoka wakiwa wachache sana. Waingereza wenyewe walijenga minara miwili pale, mmoja wa watu wao na mwingine wa Balbhadra na wenzake, mimi hii huwa inanigusa sana kwa kweli.

Nepal ilishindwa, ikapoteza ardhi kwenye mkataba wa Sugauli, ila tayari 1815 Waingereza walishaanza kuandikisha Wagurkha kwao. Hapo sasa chukua karatasi chora safu tatu, Nepal, Uingereza, India, maana 1947 India ilipopata uhuru zile rejimenti 10 za Wagurkha za Waingereza ziligawanywa, 6 zikabaki India na 4 zikaenda Uingereza, na jeshi la Nepal halikuwemo kwenye huo mgao, lilikuwa kwao muda wote.

Kisu, khukuri, kisikupoteze, wote wanacho. Ukikiona kwa karibu kina pengo dogo kwenye makali karibu na mpini, na kwenye ala vimechomekwa visu vidogo viwili, kimoja cha kazi ndogondogo kingine cha kunolea.

Jipime na mfano wa kwetu: Tanga, Novemba 1914, Waingereza wanapigwa na kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck, na Wagurkha walikuwemo upande wa Waingereza. Wa nani? Wa maharaja wa Kashmir, hata safu zako tatu haziwatoshi, ongeza ya nne.

Kwenye safu ya Nepal malizia na vita ya ndani na Wamao, yaani wakomunisti wafuasi wa Mao, 1996 mpaka 2006, mwaka huohuo jeshi likaondolewa neno la kifalme kwenye jina, na baadaye baadhi ya wapiganaji wa Kimao wakaingizwa humohumo. Halafu wale waliovaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa Ituri kule Kongo, hao sasa ndo jeshi la Nepal lenyewe.